Daktari wa Machimbo ya Ballarat

Riwaya ya Australia iitwayo The Fortunes of Richard Mahony huanza kwa habari ya mtu aliyefukiwa na udongo angali hai katika shimo la dhahabu. Mwandishi wa riwaya hiyo alikuwa mwanamke aliyejificha nyuma ya jina la kiume, Henry Handel Richardson. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Ethel Florence Lindesay Richardson. Baba yake alikuwa daktari katika machimbo yayo hayo. Riwaya yenyewe, iliyotoka kwa sehemu tatu katika miaka ya 1917, 1925 na 1929, ni kisa cha daktari huyo kilichogeuzwa majina na mambo kadha wa kadha, nayo imesifiwa hata ikamfunika mtu aliyekuwa asili yake. Wengi wamjua Mahony. Wachache wamjua Walter Lindesay Richardson.

Nia yangu hapa ni kumfukua huyu wa pili. Si kwamba naidharau riwaya, ambayo kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi kubwa za karne iliyopita, bali ni kwa kuwa maisha ya mtu huyu yana jambo ambalo historia za machimbo hulipita mbio. Historia hizo zimezoea kumweka daktari kando ya dhahabu: huyu achimba, huyu auza, huyu alewa, na daktari atibu. Husimama pichani kama kadhi mbele ya wagomvi, ambaye ugomvi wenyewe haumhusu. Richardson hakusimama kando hata siku moja. Dhahabu ndiyo iliyomleta, ndiyo iliyomfanya mwenye duka, ndiyo iliyomrudisha katika udaktari, na ndiyo iliyomtajirisha na kumfilisi. Udaktari wake hauwezi kuelezwa pasipo dhahabu, kama vile ubaharia hauelezeki pasipo pepo.

Alizaliwa Dublin, nchi ya Ayalandi, mwaka 1826, mwana wa ofisa wa jeshi. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akapata shahada yake ya udaktari mwaka 1849. Mwaka huo haufai kupitwa vivi hivi. Muda mfupi kabla yake, mtu wa kukatwa mguu alikuwa akishikwa na watu wenye nguvu, na sifa kubwa ya mpasuaji ilikuwa wepesi wa mkono, maana kila dakika iliyopunguzwa katika kukata ilikuwa dakika ya mateso iliyopunguzwa. Mwaka 1846 madaktari wa Boston, Marekani, walionyesha hadharani kwamba mvuke wa etha waweza kumlaza mgonjwa asikisikie kisu. Mwezi wa Novemba mwaka 1847, katika mji wa Edinburgh wenyewe, James Young Simpson, profesa wa ukunga, aliijaribu klorofomu juu ya nafsi yake na juu ya rafiki zake wakiwa wamekaa nyumbani kwake usiku, hata wote wakaanguka chini hawajitambui. Siku zile Richardson alikuwa akisomea udaktari mjini humo. Basi yeye na wenzake walikuwa katika kizazi cha kwanza cha madaktari duniani waliotoka chuoni wakijua kwamba uchungu wa kisu waweza kuepukwa.

Lakini kizazi hicho kilikuwa cha katikati, na kukaa katikati kuna balaa yake. Uchungu ulikuwa umeondolewa; sababu ya vidonda kuoza ilikuwa bado haijajulikana. Joseph Lister alitangaza njia yake ya kusafisha vidonda kwa asidi ya kaboliki mwaka 1867. Kwa hiyo kuna miaka ishirini ambayo mpasuaji aliweza kukata kwa utulivu usiopata kujulikana na babu zake, akakawia, akaingia ndani zaidi ya mwili, kisha akamwua mgonjwa kwa vidole vilivyotoka katika donda la mgonjwa mwingine. Alivaa koti lililokauka damu wala hakuona aibu. Miaka hiyo ishirini ndiyo karibu yote ambayo Richardson aliishi katika machimbo ya Ballarat, na asiyelikumbuka jambo hili atawahukumu vibaya madaktari wa zama zile, ama kwa kuwasifu mno, ama kwa kuwalaani.

Yafaa pia kukumbuka kwamba Uingereza ya siku zile iliwatenga tabibu na mpasuaji. Tabibu alikuwa msomi wa chuo kikuu, akiitwa Daktari. Mpasuaji alikuwa mrithi wa chama kilichowahi kuwaunganisha wapasuaji na vinyozi, akiitwa Bwana. Tofauti hiyo haikuvuka bahari. Katika machimbo mtu mmoja alikata na kushona, alizalisha, aling'oa meno, alichanganya dawa na kuziuza. Richardson alikuwa tabibu kwa shahada. Machimbo yalimfanya mpasuaji na mkunga pia, kwa kuwa mtu aliyepondwa na gogo haulizi aliyemjia ni wa chama gani.

Dhahabu ilitangazwa katika koloni la Victoria, kusini ya Australia, mwaka 1851. Mwaka huo koloni zima lilikuwa na wakazi wa Kizungu wapatao 77,000. Kufikia mwaka 1861 watu walikuwa wapata 540,000. Mafuriko hayo ya watu yaliingia katika nchi yenye wenyewe. Ballarat ilikuwa nchi ya Wathaurong, na jina lenyewe limetoka katika lugha yao, maana yake ni mahali pa kupumzikia. Wenyewe hawakupumzika tena. Mito waliyokunywa iligeuzwa matope, miti ikakatwa kutegemeza mashimo, na dhahabu iliyotoka chini ya miguu yao haikuandikwa katika hesabu yoyote kuwa ni mali yao.

Richardson alifika mwaka 1852, wakati ambapo meli ziliachwa bandarini Melbourne pasipo mabaharia, kwa sababu mabaharia nao walikwisha kimbilia machimboni. Alikuwa na umri wa miaka 26 na shahada ya chuo mashuhuri. Msomaji atatazamia kwamba alitundika kibao mlangoni na kuanza kutibu. Hakufanya hivyo. Alikwenda Ballarat, na baada ya muda akafungua duka.

Jambo hili limewasumbua baadhi ya waandishi, wakaliona kama kujishusha. Mimi naliona kuwa ni hesabu iliyo wazi kabisa. Mchimbaji huishi kwa bahati. Leo anapata, kesho hapati. Lakini akipata asipate, atahitaji koleo, unga, chai, mishumaa na viatu. Mwenye duka ndiye mtu pekee katika machimbo ambaye faida yake haikutegemea shimo moja. Tena madaktari walikuwa wengi: shahada za kweli zilichanganyika na za uongo, na kila mwenye chupa na kisu aliweza kujiita daktari ndani ya hema lake. Mgonjwa alilipa akiwa na dhahabu, na asipokuwa nayo alishukuru. Kijana asiye na mtaji angaliweza kufa njaa katikati ya shukrani. Kwa hiyo Richardson alipima unga badala ya kupima dawa, na hivyo alianza kuijua Ballarat kwa mlango wa biashara. Elimu hiyo haikumtoka tena. Hata aliporudi katika udaktari, aliwatazama wagonjwa kwa macho mawili, moja la tabibu na moja la mwenye daftari la madeni.

Sasa tuyatazame machimbo yenyewe, maana hapo ndipo kazi ya daktari ilipotokea. Mwanzoni dhahabu ya Ballarat ilikuwa juu juu, katika mchanga wa vijito. Watu waliuosha mchanga katika maji yale yale waliyokunywa, na choo chao kilikuwa karibu na maji hayo. Maradhi yaliyofuata hayakuhitaji kisu: kuhara damu, homa ya matumbo, na macho kuvimba kwa vumbi na nzi hata mtu akaongozwa kwa mkono kama kipofu. Watoto walikufa kwa wingi, hasa kwa kuhara wakati wa joto na kwa dondakoo. Dhidi ya haya yote daktari alikuwa na afyuni, zebaki, mvinyo na ushauri mwema. Alichoweza kukifanya kilikuwa kidogo, na walio wakweli miongoni mwao walijua hivyo.

Baadaye dhahabu ya juu ilikwisha, ikafuatwa chini. Hapa Ballarat ilikuwa na tabia ya pekee. Dhahabu yake nyingi ilifukiwa katika vitanda vya mito ya kale iliyozikwa chini ya udongo na mawe, futi mia na zaidi. Watu waliungana vikundi, wakachimba shimo moja kwa miezi mingi kabla ya kujua kama limeangukia mto au limeukosa. Kuta zilizuiwa kwa mbao, maji yakatolewa kwa ndoo mchana na usiku, na hewa safi ikapelekwa chini kwa mfereji wa turubai uliofunguliwa kinywa kuuelekea upepo. Siku ambayo upepo ulikufa, hewa nayo ilikufa shimoni. Kamba ilikatika, ndoo ikamshukia aliye chini. Mbao zilishindwa, udongo ukaingia. Mtu aliteleza akianza kushuka akafika upesi kuliko alivyokusudia. Mifupa iliyovunjika, mafuvu yaliyopasuka na vidole vilivyopondwa vilikuwa habari za kila siku. Basi yule mtu aliyefukiwa katika ukurasa wa kwanza wa riwaya si pambo la mwandishi. Ni mgonjwa wa kawaida wa Ballarat, isipokuwa yeye hakuwahi kufika kwa daktari.

Mashimo haya marefu yanaeleza pia kwa nini vita vilitokea. Serikali ya koloni ilimtoza kila mchimbaji leseni ya shilingi 30 kwa mwezi, awe amepata dhahabu au hakupata. Aliyechimba miezi sita bila kuona chembe alilipa sawa na aliyejaza mfuko kwa siku moja, na askari waliwawinda wasio na leseni kana kwamba ni watoro. Mwishoni mwa Novemba 1854 wachimbaji wa Ballarat waliapa chini ya bendera yao wenyewe na kujenga boma la magogo mahali paitwapo Eureka. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba, askari walilishambulia boma hilo, na mapigano yakamalizika kwa muda wa robo saa hivi. Wachimbaji zaidi ya ishirini waliuawa, na askari wachache.

Kiongozi wao, Peter Lalor, alikuwa Mwayalandi kama Richardson, na karibu rika lake. Alipigwa risasi karibu na bega la mkono wa kushoto, akafichwa chini ya mbao mpaka askari walipopita, kisha akapelekwa kwa siri hata nyumba ya padre Patrick Smyth. Hapo, kwa siri hiyo hiyo, mkono wake ulikatwa, na daktari aliyetajwa katika habari hii ni Doyle. Serikali ilikuwa imetangaza zawadi ya pauni 200 kwa atakayemtoa Lalor. Kila aliyekuwa chumbani mle, na daktari akiwa wa kwanza, alikuwa akiacha fedha nyingi kuliko alizopata mchimbaji wa kawaida kwa mwaka mzima. Lalor alipona, jambo ambalo katika miaka ile ya vidonda kuoza lilikuwa nusu ya mwujiza. Leseni ikafutwa mwaka 1855, na mwaka huo huo Lalor akaingia Baraza la Kutunga Sheria. Kuanzia 1880 hata 1887 alikuwa Spika wa Bunge la Victoria, akiwa na mkono mmoja.

Richardson naye alikuwa mtu wa Ballarat katika miaka hiyo, lakini jina lake halimo katika orodha ya viongozi wa uasi, wala si yeye aliyeshika kisu nyumbani kwa padre. Alikuwa na duka. Wanaotaka shujaa watavunjika moyo. Mimi nadhani hapa twaiona hali yake halisi kuliko mahali pengine popote. Alikuwa msomi aliyetoka katika tabaka la maofisa, aliyekula kwa fedha za wachimbaji, wala hakuwa mmoja wao. Mtu wa namna hiyo hana boma la kuingia.

Mwaka 1855 alimwoa Mary Bailey, Mwingereza kutoka Leicester, katika mji wa bandari wa Geelong, kisha akarudi katika udaktari. Riwaya huonyesha kwamba mke ndiye aliyemsukuma kurudi, na ingawa hatupaswi kula kiapo kwa ushahidi wa riwaya, hali ya mambo yaelekea huko. Ballarat ilikuwa ikigeuka. Mahema yalikuwa yakigeuka nyumba, na nyumba zilikuwa na wake, na wake walizaa. Hospitali ya wilaya ilifunguliwa mwaka 1856. Mchimbaji mseja huugua na kunyamaza, au hufa. Lakini mke wa mwenye benki humwita daktari kwa kila mtoto, kila homa na kila jino, tena hulipa. Daktari mwenye shahada ya Edinburgh sasa alikuwa na soko, na Richardson, aliyesomea udaktari katika mji wa Simpson, alijulikana katika ukunga.

Kwa miaka zaidi ya kumi aliishi hivyo, akienda juu ya farasi usiku na mchana katika barabara za vumbi au tope. Alizalisha watoto wa wengine naye mwenyewe hana mtoto. Binti wa kwanza, Ethel, alizaliwa tarehe 3 Januari 1870, karibu miaka kumi na mitano baada ya ndoa, na wa pili akafuata mwaka 1871. Hii ndiyo miaka yake bora, na kama ilivyo desturi ya miaka bora, haina mengi ya kusimuliwa.

Lakini dhahabu ilikuwa haijamwacha. Kadiri machimbo yalivyokwenda chini ndivyo yalivyohitaji mashine za mvuke na mitaji, na vikundi vya rafiki vikageuka makampuni yenye hisa. Mtu aliweza sasa kuchimba dhahabu pasipo kushika koleo, akiwa ameketi nyumbani na karatasi mkononi. Richardson alinunua hisa, zikapanda, akawa tajiri. Hapa sioni haya kusema kwamba shahada ya Edinburgh na miaka yote ya kupanda farasi usiku haikumpa kile alichopewa na karatasi chache. Daktari aliyejua hivyo asingeweza tena kuipenda kazi yake kama zamani. Aliacha udaktari, akasafiri Uingereza, akarudi akakaa Melbourne kama bwana mwenye mali.

Katika miaka hiyo alijiunga na watu walioamini kwamba roho za wafu huweza kuzungumza na walio hai. Ilipoundwa jumuiya yao ya Victoria mwaka 1870, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Tusicheke upesi. Jumuiya hiyo iliwavuta watu wenye akili nyingi, na mmoja wa waliopata kuiongoza baadaye, Alfred Deakin, alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Australia. Daktari aliyeona watoto wakifa mikononi mwake kwa maradhi asiyoyajua chanzo chake, tena katika zama ambazo sayansi ilikuwa ikitikisa mafundisho ya kanisa, alikuwa na haja ya kujua waliokufa wamekwenda wapi.

Mwaka 1873 aliipeleka jamaa yake Ulaya. Mwaka 1874 habari zilimfikia huko kwamba mali yake imeharibika, akalazimika kurudi. Ilichojengwa na karatasi kiliangushwa na karatasi. Naye sasa hakuwa kijana wa miaka 26. Alikuwa na miaka 48, mke na watoto wawili wadogo, na kazi aliyoiacha kwa muda mrefu katika nchi iliyojaa madaktari wapya waliosoma mambo aliyokuwa hakuyasoma.

Alijaribu Hawthorn, kando ya Melbourne, hakupata wagonjwa wa kutosha. Mwaka 1876 alikwenda Chiltern, mji mdogo wa dhahabu kaskazini-mashariki ya koloni. Nyumba yao ya Chiltern, iitwayo Lake View, ingali imesimama na hutunzwa kwa ajili ya jina la binti yake. Twamwona basi akirudi mwishoni mahali alipoanzia, machimboni. Lakini mara hii fahari ya machimbo ilikuwa imepita, na yeye pia. Barua alizomwandikia mkewe zimehifadhiwa, na mwaka 2000 zilichapishwa pamoja na za mke katika kitabu kimoja. Mtu asomaye zile za Chiltern haoni tabibu akizungumza juu ya magonjwa. Aona mtu akihesabu wagonjwa na fedha. Lile jicho la mwenye duka lilikuwa limebaki peke yake wazi.

Mwaka 1877 walihamia Queenscliff, pwani, na mwaka 1878 Koroit, upande wa magharibi, nchi ya wakulima. Kila kuhama kulikuwa na sababu yake, lakini sababu kubwa ilikuwa moja, ambayo majirani waliiona kabla haijapewa jina. Daktari alisahau. Alisema maneno yasiyofungamana. Mwendo wake ulibadilika. Mgonjwa akimwona tabibu wake akiyumba barabarani hafikirii maradhi, hufikiri ulevi, kisha huenda kwa tabibu mwingine. Hatimaye alipotewa na akili kabisa, akawekwa katika hospitali ya wenye wazimu, Yarra Bend, karibu na Melbourne. Mary alimtoa huko akamrudisha Koroit, akamwuguza mwenyewe mpaka alipofariki tarehe 1 Agosti 1879. Umri wake ulikuwa miaka 53.

Wataalamu waliozichunguza habari za ugonjwa wake wamekubaliana kwa wingi kwamba ulikuwa kupooza kwa jumla kwa wenye wazimu, yaani mwisho wa kaswende inapoingia katika ubongo. Kaswende hukaa kimya mwilini miaka kumi, ishirini au zaidi, kisha huja kudai deni lake kwa mtu ambaye amekwisha kuwa mwingine kabisa. Mwaka 1879 madaktari walikuwa wangali wakibishana juu ya chanzo cha kupooza huko. Kijidudu cha kaswende kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1905, na mwaka 1913 Noguchi na Moore wakakionyesha ndani ya ubongo wa waliokufa kwa maradhi hayo. Mwaka 1943 daktari mmoja wa Marekani aliwatibu wenye kaswende kwa penisilini, wakapona. Jina la daktari huyo lilikuwa John Mahoney. Bahati ya majina ina mzaha wake: zaidi ya miaka ishirini kabla ya hapo, binti wa Richardson alikuwa amekwisha kumbatiza baba yake wa riwayani kwa jina lilo hilo, ila kwa herufi moja pungufu.

Hapa ndipo riwaya na historia zinapoachana njia. Ethel alikuwa na miaka tisa baba yake alipokufa. Aliyaona mengi wala hakuelezwa chochote. Alipoandika, alifanya kazi ya mtafiti wa kweli: alizisoma barua za wazazi wake, na mwaka 1912 alivuka bahari kutoka Uingereza kwenda kuiona tena Victoria, safari yake pekee ya kurudi, ili ahakikishe mambo ya kitabu. Mpangilio wa miji ameuhifadhi, akiipa majina mengine: Chiltern ikawa Barambogie, Koroit ikawa Gymgurra. Watoto amewabadili, yeye mwenyewe amejigeuza mtoto wa kiume. Lakini sababu ya wazimu hakuitaja. Mahony wa riwayani huvunjika kwa tabia yake, kwa kutotulia, kwa kuichukia nchi aliyomo na kuitamani asiyomo, na msomaji hufunga kitabu akiamini kwamba roho ile isingeweza kumalizika vinginevyo.

Sisemi kwamba alidanganya. Mwandishi wa riwaya ana haki yake, na binti ana haki zaidi. Lakini mwanafunzi wa historia akiichukua riwaya kama wasifu atapata kosa la namna ya pekee: ataona hulka mahali palipokuwa na kijidudu. Kuhama-hama kule kwa miaka ya mwisho, hasira, kusahau, kuwachukia wagonjwa, sehemu yake ilikuwa tabia ya mtu, na sehemu yake ilikuwa ubongo unaoliwa. Kuvitenganisha ni kazi ngumu, na wengi wameiepuka kwa kusema tu kwamba Mahony ni Richardson. Dorothy Green, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1973 juu ya mwandishi huyu, alifanya juhudi ya kuvitenga, na waliomfuata wana deni kwake.

Kwa upande wa pili, kuna jambo ambalo riwaya imelihifadhi na kumbukumbu rasmi zisingeweza kulihifadhi, nalo ni kazi ya Mary. Katika vitabu vya serikali daktari ana shahada, ana namba, ana tarehe ya kufa. Mke ana jina la mumewe. Ni riwaya iliyomwonyesha mwanamke akizikagua hesabu wakati mume hawezi, akiwapokea wagonjwa mlangoni na kuwadanganya kwamba daktari ametoka, akijifunza kazi ya posta akiwa na umri wa kuona aibu kufundishwa na vijana. Hili la mwisho historia yalithibitisha. Mary alikuwa mkuu wa posta Koroit mumewe alipokuwa hajiwezi, na mwaka 1880 akahamishiwa Maldon na binti zake wawili. Maldon nao ulikuwa mji wa dhahabu. Alikaa huko miaka kadhaa, akiuza stempu na kupokea simu za wachimbaji, na kwa mshahara wa posta hiyo Ethel alipelekwa shule Melbourne mwaka 1883.